Kabla ya Kuchagua Distro ya Linux, Tazama Inavyowaka

Ukiwasha kompyuta ya Linux, kerneli huita programu moja, yenye namba 1, na hiyo ndiyo huamsha zilizobaki: mtandao, printa, skrini ya kuingilia. Katika distro ya Debian kazi hiyo ilikuwa ya sysvinit kwa miaka mingi, mpaka Februari 2014 kamati ya kiufundi ilipopiga kura kumtafuta mrithi. Ushindani ulibaki kati ya systemd na Upstart, kura zikalingana, na mwenyekiti Bdale Garbee akavunja sare kwa kuichagua systemd.

Kura ile iliwagusa wengi wasiopiga kura. Ubuntu walikuwa na Upstart yao tangu 2006, lakini siku chache baadaye mwanzilishi wao Mark Shuttleworth alitangaza kuwa nao watahamia systemd. Walikuwa na chaguo gani? Ubuntu huchota vifurushi maelfu kwa maelfu kutoka Debian, na kubaki na Upstart kungewaachia mzigo wa kutunza peke yao namna ya kuwasha kila huduma. Ubuntu 15.04 ikaja na systemd Aprili 2015. Linux Mint 18, iliyojengwa juu ya Ubuntu, ikafuata 2016.

Waliokataa systemd walijitenga na Debian wakaanzisha Devuan, na toleo lao la kwanza thabiti likatoka 2017. Uhuru huo una gharama, nayo hailipwi siku moja. GNOME, mazingira ya eneo-kazi, kwa mfano, hutegemea logind, sehemu ya systemd inayosimamia kuingia kwa watumiaji, hivyo wasioitaka hutumia elogind badala yake. Mwishoni mwa 2019 Debian ilipiga kura tena na kuipa systemd kipaumbele. Hivyo kila kifurushi kinachokuja bila hati ya kuwashia ya sysvinit ni kazi ya ziada kwa watu wa Devuan.

Ili kujua distro yako inatumia nini, fungua terminali uandike:

ps -p 1 -o comm=

Likitoka jibu "systemd", utaanzisha upya huduma, ya ssh kwa mfano, kwa systemctl restart ssh. Kwenye Devuan yenye sysvinit amri hiyo haipo. Utaandika service ssh restart, amri inayokubalika pia kwenye Debian na Ubuntu. Ukifuata maelekezo ya Ubuntu yenye systemctl kwenye distro ya antiX, ambayo nayo haina systemd, tarajia kukwama hapo hapo.

Kwa anayeanza, ningemshauri abaki na systemd, maana maelekezo mengi ya leo yameandikwa kwa ajili yake. Mwenye kompyuta kuukuu ana haki ya kujaribu antiX, ila aijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, akague waifai, sauti na printa. Na kama ofisi yako ina programu ya kulipia, ya uhasibu tuseme, muulize muuzaji kama inawaka bila systemd kabla hujahamisha seva.