Kujua Somo na Kumjua Mwanafunzi

Katika vigango vyetu vya Karagwe na Kyerwa tunawafahamu watoto wanaojibu maswali ya katekisimu bila kukosea hata neno. Tukiwauliza, "Maana yake nini?", wananyamaza. Wamekariri, je, wamejifunza? Swali hilo ndilo lililoufanya ualimu kuwa taaluma ya chuo kikuu.

Kwa karne nyingi watu walidhani kwamba anayejua hesabu au Kilatini anaweza pia kuvifundisha. Mwaka 1779 Chuo Kikuu cha Halle, Ujerumani, kilimpa Ernst Christian Trapp uprofesa wa malezi na ualimu. Mwaka 1876 vyuo vikuu vya Edinburgh na St Andrews, Uskoti, vikafanya vivyo hivyo. Pole pole falsafa, historia na saikolojia ya elimu zikawa masomo ya kumwandaa mwalimu.

Kwetu Afrika Mashariki, Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, 1943 hadi 1945, kabla ya kufundisha Tabora. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na sheria. Elimu ikaongezwa mwaka 1964, na mwaka 1989 ikapata kitivo chake.

Taaluma hii ilifika hata mkoani kwetu. Kati ya 1968 na 1972, mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulifanyika katika mikoa ya Ziwa, ukiwemo Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe, kama kilimo cha migomba. Mwalimu alianzia kwenye kile ambacho mwanafunzi alikwisha kukijua.

Kanisa nalo lilisema. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa *Gravissimum Educationis*, juu ya malezi ya Kikristo, na *Optatam Totius*, juu ya malezi ya mapadre. Hati zote mbili zinataka tutumie matunda ya saikolojia na ya taaluma ya ualimu.

Wengine watasema: imani ni zawadi ya Mungu, haitokani na mbinu. Ni kweli. Lakini mafundisho mabaya yanaweza kumzuia mtoto asiione zawadi hiyo. Bwana wetu mwenyewe alianza na mbegu, chachu na nyavu, vitu ambavyo wasikilizaji wake walivishika kila siku. Nasi tukimfundisha mtoto anayezungumza Kinyambo nyumbani, tuanzie kwenye shamba la migomba na kahawa analolijua, kisha tumwongoze hadi kwenye fumbo.

Maswali ya kutafakari

1. Katika kigango chetu, mtoto huruhusiwa kueleza fundisho kwa maneno yake mwenyewe?
2. Katekista wetu anapata nafasi gani ya kujifunza ualimu, mbali na kujifunza mafundisho?
3. Sisi waseminari tukijiandaa kuhubiri, tunamfikiria msikilizaji kwa kiasi gani?