Raba za habu ya pikipiki: kitu kidogo chenye kulinda vikubwa

Miongoni mwa vyombo vya moto vinavyofikisha huduma kwa wananchi, pikipiki ina nafasi yake ya pekee. Bwana shamba huitumia kwenda kwa wakulima, mtumishi wa afya huitumia kupeleka chanjo vijijini, na mwananchi wa kawaida huitumia kujipatia riziki. Chombo hiki kikilala wiki moja, wapo watu wanaokosa huduma kwa wiki hiyo. Kwa sababu hiyo somo hili linahusu sehemu moja ya pikipiki ambayo haionekani kwa nje, ni ya bei nafuu, na aghalabu husahauliwa hadi imekwishaleta hasara. Sehemu hiyo ni raba zilizomo ndani ya habu ya gurudumu la nyuma.

MAHALI ZILIPO

Nguvu ya injini hutoka kwenye giaboksi, ikapita katika mnyororo na kufika kwenye gurudumu la meno la nyuma ambalo mafundi huliita sproketi. Wengi hudhani kuwa sproketi hiyo imefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Katika pikipiki nyingi za barabarani sivyo ilivyo. Sproketi hufungwa juu ya sahani yenye vidole vya chuma, na vidole hivyo huingia katika vyumba vilivyomo ndani ya habu. Baina ya vidole na kuta za vyumba hivyo hupangwa vipande vya raba ngumu. Kwa hivyo chuma hakigusani na chuma, na kila nguvu inayokwenda kwenye gurudumu hupita kwanza katika raba.

Ikumbukwe kuwa Vespa za kawaida hazina mnyororo, na maelezo haya hayazihusu. Hali kadhalika, zipo pikipiki chache ambazo sproketi yake imefungwa kwenye habu bila ya raba. Mwenye chombo aangalie kitabu cha maelezo au amuulize fundi wake.

KAZI YAKE

Injini haitoi nguvu kwa mfululizo kama maji ya mto, bali hutoa kwa mapigo. Injini ya silinda moja yenye mipigo minne hupata pigo moja la nguvu katika kila mizunguko 2. Inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, mapigo hayo hufika 3,000 kwa dakika, yaani 50 katika kila sekunde. Isitoshe, sproketi ya mbele ikiwa na meno 14 na ya nyuma meno 42, nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye giaboksi hufika kwenye gurudumu ikiwa imezidishwa mara 3.

Juu ya mapigo hayo huongezeka mishtuko mingine: klachi inapoachiwa, gia inapobadilishwa, mafuta yanapofungwa ghafla, au gurudumu linapotua baada ya kuruka shimo. Raba hujikunja, zikaupokea mshtuko, kisha zikarudi katika umbo lake. Hivyo ndivyo zinavyoulinda mnyororo, meno ya sproketi, beringi na giaboksi.

DALILI ZA KUCHAKAA

Raba huchakaa kwa kutumika, kwa joto na kwa umri. Baadhi hupasuka, baadhi hukauka zikawa ngumu, na nyengine hubonyea zikaacha nafasi. Petroli, oili na grisi zikizifikia huzilainisha na kuziharibu mapema. Uchakavu huo huharakishwa na uzito uliopita kiasi, ukiwemo ule mtindo wa kupakia watu kwa mshikaki, na pia na tabia ya kuachia klachi kwa ghafla.

Dalili ya mwanzo ni mgoto unaosikika nyuma pale pikipiki inapoondoka au dereva anapofungua na kufunga mafuta. Baadaye chombo huanza kushtukashtuka katika mwendo mdogo, na mnyororo hulegea upesi ingawa umekazwa siku chache tu nyuma.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Kelele husikika upande wa mnyororo, basi lawama zote hupewa mnyororo. Hukazwa, kelele ikabaki; hubadilishwa pamoja na sproketi zake, na baada ya muda mfupi kelele hurejea kwani raba zilizokufa zimeachwa pale pale. Fedha imetumika, maradhi hayajatibiwa.

NAMNA YA KUKAGUA

Ukaguzi huu hauhitaji spana wala gharama. Kwanza injini izimwe, iachwe ipoe, na ufunguo utolewe. Ni hatari kubwa kutia mkono karibu na mnyororo wakati injini inafanya kazi, kwani vidole vikiingia baina ya mnyororo na sproketi hukatika.

1. Pikipiki isimamishwe imara juu ya stendi kubwa, gia ikiwa huru. Isiyo na stendi hiyo ishikiliwe na mtu mwengine.

2. Msaidizi akanyage breki ya nyuma kwa nguvu ili gurudumu lisizunguke.

3. Mkaguzi aishike sproketi yenyewe, siyo mnyororo, kisha aizungushe mbele na nyuma. Mwendo mdogo wenye ukinzani, kama wa kitu kinachokandamizwa, ni wa kawaida. Iwapo sproketi inacheza bila ya kizuizi na kugota, raba zimekwisha au zinakaribia kwisha.

4. Kisha sproketi isukumwe upande kwa upande. Ikiwa inayumba, beringi nazo zikaguliwe.

Mgoto unaweza pia kutokana na mnyororo uliolegea au meno yaliyolika, kwa hivyo sehemu hizo zitazamwe katika ukaguzi huo huo kabla ya kununua chochote.

MATENGENEZO

Gurudumu la nyuma likishatolewa, sahani ya sproketi hung'olewa na raba huonekana. Unga mweusi ndani ya habu ni ushahidi kuwa raba zimekuwa zikisagika. Raba zibadilishwe zote kwa pamoja, kwani mpya ikipangwa na kuukuu, ile mpya hubeba mzigo wa wenzake. Vyumba vya habu visafishwe na kukaushwa. Zikiwa ngumu kuingia, zipakwe maji ya sabuni, wala zisipakwe oili au grisi.

Wapo mafundi wanaokata vipande vya tyubu na kuvijaza penye nafasi. Njia hiyo yaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini isihesabiwe kuwa ni matengenezo. Vipande hivyo huhama na kubonyea, na vikijazwa kupita kiasi sahani haikai sawa. Kujaza mbao au chuma ni kosa kubwa zaidi, kwa vile huondoa kabisa ile kinga iliyokusudiwa.

Wakati wa kurudisha gurudumu, alama za pande zote mbili zilingane ili mnyororo uende sawa. Mnyororo uachiwe ulegevu uliotajwa katika kitabu cha pikipiki hiyo. Nati ya ekseli ikazwe barabara na pini yake irudishwe. Chombo kisitoke kabla ya breki ya nyuma kujaribiwa, kwa kuwa mara nyingi nayo hufunguliwa katika kazi hii.

HASARA YA KUCHELEWA

Raba zikiisha kabisa, vidole vya chuma huanza kugonga kuta za habu, ambazo kwa kawaida ni za aluminiamu, madini laini kuliko chuma. Kuta hizo hulika, na vyumba hupanuka. Hapo hata raba mpya hazitashika, na kitakachohitajika ni habu nzima. Gharama iliyokuwa ya vipande vichache vya raba imekuwa ya gurudumu.

Zaidi ya fedha lipo suala la uhai. Mnyororo unaopigwa mishtuko kila siku huweza kukatika au kuruka. Ukinasa baina ya sproketi na sehemu nyengine, gurudumu la nyuma hufunga papo hapo. Dereva aliyemo katika mteremko, au aliyempakia mwenzake, hana nafasi ya kujiokoa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ukuta si gharama ya kubeza.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mtumishi aliyekabidhiwa pikipiki ya serikali ajue kuwa amekabidhiwa amana. Asingoje chombo kisimame ndipo atoe taarifa. Mgoto anaousikia leo auandike leo, pamoja na idadi ya kilomita. Mkuu wake naye asiidharau taarifa hiyo kwa sababu tu chombo bado kinatembea. Kila raba, mnyororo au sproketi inayobadilishwa iandikwe katika daftari la chombo pamoja na tarehe. Daftari likionesha kuwa minyororo inakwisha upesi kupita kawaida, litakuwa limeshaelekeza mahali pa kutazama.

Mwananchi mwenye pikipiki yake, hasa anayechukua abiria, naye afanye ukaguzi huu kila anapokaza mnyororo. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Na kila gurudumu la nyuma linapotolewa kwa sababu yoyote, iwe kuziba pancha au kubadili tairi, fundi aombwe aifungue sahani ya sproketi na kumuonesha mwenye chombo hali ya raba zake.