Uione Ploti Mvua Ikinyesha

Mdogo wangu wa Gatwekera, barua yako nimeisoma mara mbili. Umepanga hapo Kibera miaka 11, zamu yako ya chama imefika, na umepata nyumba ya mawe ya vyumba viwili kule Kawangware, nyuma yake shamba dogo linaloteremka hadi kwenye kijito. Dalali anakuharakisha, nawe wauliza kama mteremko huo ni hasara.

Mteremko si hasara. Hasara ni kununua wakati wa kiangazi. Mimi nilinunua Januari, udongo umekauka, kila kitu kinapendeza. Aprili maji ya majirani wote wa juu yakapita jikoni kwangu, na nililia. Kwa hiyo dalali na asubiri. Siku ya mvua kubwa vaa gumbuti, simama nyuma ya nyumba, utazame maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na yamebeba nini. Kisha muulize mama mboga wa pale njiani maji yalifika wapi kwenye mafuriko ya Aprili 2024. Atakuonyesha kwa mkono.

Mwaka ule unaukumbuka. Serikali iliwaamuru waliojenga ndani ya mita 30 za mito wahame, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Kisheria ukingo wa mto ni kati ya mita 6 na 30, kutegemea upana wa mto wenyewe. Shuka na tepu ya fundi upime kutoka ukingoni. Usilipie ardhi ambayo kesho utaambiwa si ya kujenga.

Na jambo hili nakuomba ulishike sana, kwa kuwa umekulia Kibera. Huko tumezoea kuuziana kuta na mabati, chifu akiwa shahidi. Ardhi yenyewe sehemu kubwa ni ya serikali, na ile hati ya ekari 288 waliyopewa Wanubi mwaka 2017 ni ya jamii nzima. Kawangware barua ya chifu haikutoshi. Kuna ploti zenye hati miliki safi, na kuna nyingine ndugu waligawana kwa maneno tu huku hati ingali kwa jina la marehemu babu. Fanya upekuzi wa hati, kwa mtandao wa serikali wa Ardhisasa au kwenye ofisi ya ardhi. Muuzaji akiwa na mke au mume, naye atie sahihi. Mlipe mpima ardhi akuonyeshe bikoni zote, hasa za chini, maana hizo ndizo zinazofukiwa na tope.

Ukishanunua, anza na maji kabla ya maua. Juu kabisa chimba mtaro wa kuyakinga, ila zungumza kwanza na jirani wa chini, yasije yakamwangukia yeye. Katikati fanya kama Wakamba wa Machakos, wanaouita mtindo huo fanya juu: unachimba mtaro ukikata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, na juu ya tuta unapanda nyasi za nepia. Kwa shamba lako tuta moja au mawili yatosha. Mistari ya mboga nayo ikate mteremko; ikishuka nao, inageuka mifereji. Fundi akikujengea ukuta wa kuzuia udongo, simama hapo uhakikishe ameacha matundu chini, la sivyo maji yatajaa nyuma yake mpaka uanguke.

Magunia yako ya sukuma wiki usiyaache Kibera. Akina mama wa huko, hasa baada ya vurugu za uchaguzi za 2008, wamelisha watoto kwa magunia hayo, na ujuzi huo ni mali yako. Yapange karibu na mlango wa jikoni, palipo tambarare, nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini. Udongo tafuta mpya, usio na taka.

Mvua ikianza kabla hujalipa arabuni, nijulishe. Nitakuja na gumbuti zangu tushuke pamoja.