Usiogope, Lakini Usidharau

Kila nyumba ina mwoga wake. Yupo anayelegea miguu akiona tone la damu, na yupo ambaye kipele kikimtoka shingoni halali. Tusiwacheke. Hofu nyingi hupungua mtu akishajua mwili wake unafanya nini.

Kwikwi
Mtoto mchanga akishikwa na kwikwi, bibi huchomoa uzi kwenye khanga, akaulowesha na kuubandika kwenye paji la uso wa mjukuu. Uzi haudhuru, ila kwikwi ingekoma yenyewe. Inatokea pale msuli ulio kati ya kifua na tumbo unapojikaza ghafla, mara nyingi mtoto akinyonya kwa pupa. Mcheulishe. Usimpe maji: chini ya miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha. Mtu mzima akipata kwikwi ya zaidi ya siku 2, amwone daktari.

Damu puani
Wengi humwinua mgonjwa kichwa, naye akaishia kumeza damu na kutapika. Mketishe, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, huku akipumua kwa mdomo. Isipokatika baada ya dakika 30, au ikiwa ameumia kichwani, mpeleke kituo cha afya.

Chokea
Watoto husema chokea humwota aliyechungulia mtu akioga. Msimwonee mwenzenu: ni kijitezi cha kope kilichoziba na kuingiwa na bakteria. Kanda kwa kitambaa safi cha uvuguvugu dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Usikamue.

Hofu ya sindano
Hofu hii huwapata hata watu wazima wenye nguvu zao. Wapo wanaozimia kabisa, kwa sababu wakiona sindano au damu, shinikizo la damu hupanda kidogo kisha huporomoka, na ubongo ukapungukiwa damu. Ukiwa mmoja wao, mwambie muuguzi mapema akuchome ukiwa umelala. Ukisubiri zamu yako, kaza misuli ya mikono, mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, legeza kwa nusu dakika, kisha rudia mara 5. Wakati wa kuchomwa, ulegeze mkono unaochomwa.

Kwa mtoto, kazi huanzia nyumbani. Tuache kumtisha kwa kusema, “Usipokula nitamwita daktari akuchome sindano!” Tunamfundisha kumkimbia mtu atakayemhitaji siku akiugua. Mwambie ukweli: itauma kidogo, halafu itaisha. Anayenyonya, mnyonyeshe wakati wa chanjo, maumivu hupungua.

Usisubiri
Homa isitibiwe kwa kubahatisha; nenda ukapime malaria. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, au akilegea na kuwa vigumu kumwamsha, mpeleke kituo cha afya papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Hakuna muuguzi wa kumwonea aibu. Ni heri uambiwe mtoto hana neno, urudi naye nyumbani, kuliko kungoja kukuche.