Je, dawa hii ni baruti? Jaribio ndilo linalojibu



Fikiri gunia jeupe la kilo 50 katika depo. Ndani yake mna punje nyeupe, ndogo kama punje za mtama. Jina lake ni nitrati ya amonia. Kijana mmoja wa ekipi anakaa juu ya gunia na kula mkate wake. Anasema: «Hii ni mbolea tu. Mjomba wangu anaiweka katika shamba lake la mahindi.» Fundi wa baruti anapita, anamwambia: «Toka hapo! Hii ni baruti.»

Nani anasema kweli? Kila mmoja ana nusu ya kweli. Nitrati ileile inalisha mahindi shambani, na ileile, ikichanganywa na mazutu kidogo kwa kipimo, inapasua mawe yetu mgodini. Basi ni nani anayeamua kama dawa fulani iitwe baruti au isiitwe? Si macho, si jina, wala si mazoea. Ni jaribio. Leo tutaona jaribio hilo linafanywa namna gani, na kwa nini jibu lake linakuhusu wewe na jamaa yako.

MAZOEA YALIYOUA WATU

Huko Oppau, katika nchi ya Ujerumani, kiwanda cha BASF kilikuwa na ghala kubwa la mbolea. Mbolea hiyo ilikuwa mchanganyiko wa nitrati ya amonia na salfati ya amonia. Kwa kuwa ilivuta unyevu, iliganda na kuwa ngumu kama mwamba. Wafanyakazi walishindwa kuivunja kwa piki, wakaanza kuipasua kwa dinamiti.

Usishangae upesi. Wakubwa wao walikuwa wamekwisha kuijaribu katika laboratwari, na waliona kwamba mchanganyiko wenye nitrati chini ya sehemu 60 kwa 100 haulipuki. Wao walitumia nusu kwa nusu. Walipiga dinamiti mara elfu nyingi, na kila mara mbolea ilipasuka tu, kazi ikaendelea.

Kisha kiwanda kikabadilisha namna ya kukausha mbolea. Jina lilibaki lilelile, rangi ileile. Lakini punje zikawa kavu zaidi na nyepesi zaidi kuliko zile za kwanza, na mchanganyiko haukuwa sawasawa kila mahali katika rundo. Hakuna aliyerudia jaribio. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1921 walipiga dinamiti kama siku zote. Katika ghala mlikuwa na karibu tani 4.500. Sehemu kama moja juu ya kumi ililipuka, nayo ilitosha kuchimba shimo la metre karibu 20 kwenda chini. Watu zaidi ya 500 walikufa.

Shika neno hili, maana ndilo somo letu lote: jibu la jaribio ni la kitu kilekile kilichojaribiwa. Ukikibadilisha kitu, jibu la zamani limekufa.

MASWALI YANAYOULIZWA DAWA

Leo nchi nyingi zinafuata kitabu kimoja cha Umoja wa Mataifa kinachoeleza majaribio hayo. Wataalamu hawaiulizi dawa swali moja, bali maswali mengi, moja baada ya jingine. Hufanya hivyo nyuma ya kuta nene, na kwa kipimo kidogo. Tazama yaliyo makubwa.

Swali la kwanza: Ikipigwa na mlipuko wa jirani, je, nayo inalipuka? Wanachukua tiyo ya chuma yenye urefu wa milimetri 400 na kuijaza dawa. Chini yake wanaweka baruti kali ya gramu 160. Juu yake wanaweka bamba la chuma. Wanapiga baruti, kisha wanakwenda kutazama. Kama tiyo imevunjika vipande vipande toka mwanzo hata mwisho, au kama bamba limetobolewa, jibu ni ndiyo: mlipuko ulisafiri ndani ya dawa. Kama tiyo imepasuka upande wa chini tu na sehemu ya juu imebaki nzima, mlipuko ulizimika njiani. Kwa jaribio lingine wanaweka kipande cha plastiki cha milimetri 50 kati ya baruti na dawa, ili pigo lipungue, wapate kujua kama dawa inaamka hata kwa pigo dogo.

Swali la pili: Ikipashwa moto huku imefungwa, inafanya nini? Kila mama anajua sufuria yenye mfuniko uliokazwa: mvuke ukikosa njia, mfuniko unaruka. Wanajaza dawa katika tiyo ndogo ya chuma, wanaifunga kwa kifuniko chenye tundu dogo, na kuichoma kwa mioto minne ya gazi. Kama gazi ya dawa inapata kutoka kwa tundu hilo, tiyo inabaki. Kama gazi inazaliwa upesi kuliko inavyoweza kutoka, tiyo inapasuka. Vipande vitatu au zaidi vinahesabiwa kuwa mlipuko. Kisha wanabadilisha ukubwa wa tundu. Dawa inayopasua tiyo hata kama tundu ni kubwa ndiyo mbaya zaidi.

Swali la tatu: Ikiwashwa katika chombo kilichofungwa, nguvu yake inapanda kwa mwendo gani? Wanaweka gramu 5 tu, wanawasha, na mashini inapima. Muda unahesabiwa kwa vipande vidogo vya sekunde, kwa maana kati ya kuwaka na kulipuka tofauti ni mwendo.

Swali la nne: Je, inavumilia kazi ya kila siku? Dawa inaweza kuwa baruti lakini ikavumilia kubebwa, na nyingine isivumilie hata kidogo. Wanaangusha uzito juu ya kipimo kidogo cha dawa. Dawa inayolipuka kwa pigo dogo sawa na kilo 5 zilizoanguka toka sentimetri 4 tu haipewi ruhusa ya kusafirishwa ilivyo. Wanaisugua kati ya vipande viwili vya kauri. Wanaiweka katika joto la digri 75 kwa saa 48, ili waone kama inaharibika yenyewe, kama vile ndani ya kamyo iliyosimama juani.

Ndiyo sababu usiburute sanduku la amorsi sakafuni, wala usilitupe toka kamyoni. Hilo si neno la kusumbua watu. Limetoka katika majaribio haya.

BAADA YA JIBU, JINA NA ETIKETI

Baada ya maswali hayo dawa inapewa darasa lake. Baruti zote ni darasa la 1, na etiketi yake ina rangi ya machungwa. Ndani ya darasa hilo mna migawanyiko. Ukiona 1.1, ujue mzigo wote unaweza kulipuka kwa mara moja. Ukiona 1.5, usidharau: maana yake ni kwamba baruti hiyo ni ngumu sana kuamka, lakini ikiamka, nayo inalipuka yote pamoja.

Nitrati ya amonia iliyo safi haimo katika darasa la 1. Iko katika darasa la 5.1, na etiketi yake ni ya manjano yenye duara na moto juu yake. Hizo ni dawa zinazoupa moto hewa ya kupumua. Yenyewe haiwaki kama kuni, lakini inavipa nguvu vitu vingine vinavyowaka.

Sasa sikiliza hesabu hii. Sheria inasema nitrati hiyo inabaki katika darasa la 5.1 kama haina vitu vya kuwaka zaidi ya sehemu 0,2 kwa 100, vikihesabiwa kama makala. Katika gunia la kilo 50 hiyo ni gramu 100. Kikombe kidogo cha mazutu kinafika hapo. Kikipita hapo, gunia hilo linaingia katika hesabu ya baruti, hata kama etiketi yake bado ni ya manjano na gunia bado ni jeupe!

Ndugu, umefahamu sasa? Pipa la mazutu linalovuja karibu na magunia, vumbi la mbao lililofagiliwa pamoja na nitrati iliyomwagika, kitambaa chenye mafuta kilichosahauliwa juu ya rundo: kila kimoja kinabadilisha kitu kilichojaribiwa. Etiketi haioni hayo. Wewe ndiwe unayeona.

MOTO UKITOKEA

Tarehe 16 Aprili 1947, katika bandari ya Texas City huko Marekani, meli ya Kifaransa iitwayo Grandcamp ilikuwa imepakia karibu tani 2.300 za nitrati ya amonia. Punje zilikuwa zimepakwa nta ili zisigande, na magunia yalikuwa ya karatasi. Asubuhi moshi ulionekana ndani. Wakubwa wa meli hawakutaka maji yaharibu mali. Wakafunga milango ya ghala la meli na kuingiza mvuke, wakifikiri moto utakosa hewa na kuzimika. Lakini nitrati ina hewa yake ndani. Kufunga kuliongeza joto na nguvu, kama katika ile tiyo ndogo yenye tundu. Saa tatu na dakika chache meli ililipuka. Watu zaidi ya 500 walikufa, na wazima moto wengi kati yao.

Wala si hadithi ya zamani tu. Tarehe 4 Agosti 2020, huko Beirut katika Lebanoni, moto ulifika kwenye ghala la bandari lenye tani karibu 2.750 za nitrati iliyowekwa humo kwa miaka. Watu zaidi ya 200 walikufa.

Kwa hiyo: moto mdogo ambao haujafika kwenye magunia unazimwa kwa maji, tena mengi. Usifunge mlango wa depo ili kuunyima hewa. Uache wazi, moshi na joto vitoke. Mchanga hausaidii. Kama moto umekwisha kushika rundo, au moshi umekuwa wa manjano au wa kahawia, usikae kupigana nao. Moshi huo ni sumu, na rundo linaweza kulipuka. Ita watu wote, kimbieni mbali, pigeni alama ya hatari. Mali inanunuliwa tena. Baba wa watoto hanunuliwi.

NENO KWA MAMA WA KAMPI

Mama, gunia la nitrati ni zuri na lenye nguvu. Mume anaweza kulileta nyumbani, nawe ukaweka humo makala ya kupikia. Usifanye hivyo! Katika nyuzi za gunia hubaki nitrati hata baada ya kulikung’uta. Makala ni kitu cha kuwaka, nitrati ni kitu cha kuupa moto nguvu. Cheche moja ikianguka, moto utaruka kwa ukali usioutazamia, na watoto wako wako karibu na mbabula. Wala usiweke humo unga au mahindi ya kula. Magunia matupu yarudi kazini, wenye kazi hiyo wayaharibu.

Na mtoto akiokota tiyo ndogo yenye kung’aa, yenye waya au utambi, asiiguse, asiigonge kwa jiwe. Ajue kwamba hiyo pengine ni amorsi, inayoweza kukata vidole na kupofusha macho. Akuite wewe, nawe uwaambie watu wa usalama.

KUMBUKA

1. Soma etiketi kabla ya kushika gunia. Kama haina etiketi, usiiguse, uliza shefu.

2. Nitrati ikae peke yake: mbali na mazutu, mafuta, mbao, makala na amorsi.

3. Nitrati iliyomwagika hairudishwi ndani ya gunia zima. Inakusanywa peke yake kwa chombo safi.

4. Iliyoganda haipigwi kwa nyundo ya chuma, haipashwi moto, na hata kidogo haipasuliwi kwa baruti. Kumbuka Oppau.

5. Kama dawa imebadilika rangi, imelowa mafuta, au imetoka kwa mwuzaji mpya, sema. Pengine inataka jaribio jipya.

Na yule kijana aliyekaa juu ya gunia? Mwambie asimame, akale mkate wake nje ya depo. Mjomba wake anaijua mbolea ya shamba lake. Gunia la hapa hakuna aliyeliuliza ni kitu gani leo.