Njia ya Karakoram na Walioifungua

Katika somo hili twataka kuwatembeza kwenye njia ambayo wengi wetu hatuijui ila kwa picha, nayo ni njia ya Karakoram. Huanzia Hasan Abdal katika Pakistani, ikaufuata mto Indus, ikapita Gilgit na Hunza, hatta ikafika Kashgar katika nchi ya Uchina. Urefu wake ni yapata kilomita 1,300.

Karibu na Jaglot hukutana safu tatu za milima: Himalaya, Karakoram na Hindu Kush. Msafiri huuona Nanga Parbat wenye mita 8,126, na mbele yake Rakaposhi, mweupe kwa theluji juu ya bustani za matunda. Mpakani, pale Khunjerab, gari huwa limepanda mita 4,693 juu ya bahari. Mlima Kenya wenyewe haupiti hapo ila kwa mita mia tano na kidogo. Sisi tuliozaliwa ufukoni yatubana pumzi kwa kusoma tu.

Lakini wengi wanaosimulia safari hiyo huisifu milima wakawanyamazia waliokata mwamba. Kazi ilikwisha mwaka 1979, baada ya miaka mingi ya baruti na maporomoko. Walikufa Wapakistani yapata 810 na Wachina yapata 200. Basi ni karibu roho moja kwa kila kilomita moja na robo. Huko Danyor, jirani na Gilgit, pana makaburi ya hao Wachina.

Huenda mtu akasema: Wachina si wa mila yetu, watuhusu nini? Twamjibu kuwa haki ya mfanya kazi haiulizi mila. Waislamu waliokufa twawaombea rehema, na wenzao tuwataje kwa wema wao, kwani apitaye leo hupita juu ya jasho la wote.

Wala mlima haujatulia. Tarehe 4 Januari 2010 upande wa mlima uliporomoka Attabad, katika Hunza, ukaua watu yapata 20 na kuuziba mto. Maji yakajaa yakawa ziwa, yakaimeza njia. Kwa miaka mitano watu, mizigo na magari vilivushwa kwa mashua (nasi twanung'unika kwa kuingoja feri ya Likoni!), mpaka njia mpya ya mahandaki ilipofunguliwa mwaka 2015. Sasa watalii huliendea ziwa hilo kwa uzuri wa rangi yake ya samawati, na chini ya maji hayo mna nyumba na mashamba ya watu.