Macho hayatoshi: Namna laboratware inavyotambua mpox

Ninyi watumishi, na ninyi wamama munaochunga nyumba, hii habari inawaangalia wote.

Mutoto anaamuka na homa. Kisha siku mbili ao tatu, vipele vinatokea usoni na katika viganja vya mikono. Jirani mumoja anasema: «Ni tetekuwanga.» Mwingine anasema: «Ni surua.» Wa tatu anasema mutoto amelogwa. Nani anasema kweli? Kwa macho tu, hata muganga anaweza kukosea, maana mpox na tetekuwanga vinafanana. Na wakati watu wanabishana, mutoto analala kitanda kimoja na ndugu zake.

MPOX NI NINI?

Ni ugonjwa wa virusi, ndugu ya ndui. Mutu wa kwanza aliyejulikana kuwa nao alikuwa mutoto wa inchi yetu, kule Basankusu, katika mwaka wa 1970. Virusi ni vidogo sana, mikroskopi ya dispanseri haiwezi kuvionyesha. Lakini ndani yao muna uzi unaoitwa ADN, wenye alama ambazo magonjwa mengine hayana. Laboratware inatafuta alama hizo.

NAMNA YA KUPIMA

Munajua wenyewe: jiwe likitoka shimoni, haitoshi kutazama rangi yake. Kipande kinapelekwa laboratware, ndipo tunajua kama kina shaba. Vilevile infirmye anasugua kidonda kwa kijiti chenye pamba, ao anatwaa ganda lake, anatia ndani ya kichupa. Kwa mpox, kidonda kinafaa kupita damu.

Kazi ya mashini inaitwa PCR. Kwanza inapasha moto mpaka karibu digri 95, na nyuzi mbili za ADN zinaachana. Kisha inapoza, na vipande vifupi vilivyotengenezwa kwa kusudi vinashika pale penye alama ya mpox. Halafu dawa ya kujenga, jina lake enzimu, inatengeneza uzi mupya. Moja inakuwa mbili, mbili inakuwa nne, nne inakuwa nane. Ikirudia mara 30, alama moja inapita milioni elfu moja! Sasa mashini inaiona. Kama alama haiko, hakuna kinachoongezeka.

Kary Mullis wa Marekani ndiye aliyewaza njia hii katika mwaka wa 1983. Leo mashini ya GeneXpert, ile inayopima kifua kikuu, inaweza kupima mpox pia, na kutoa jibu mbele ya saa moja kuisha.

FUNDISHO LA KAMITUGA

Katika mwezi wa 9 wa mwaka 2023, mpox ilianza kuenea Kamituga, muji wa wachimba zahabu katika Sud-Kivu. Kipimo kimoja, kilichotengenezwa kwa kutambua aina ya mpox inayojulikana Kongo, hakikuona kitu. Sababu gani? Virusi vilikuwa vimepoteza kipande kile kile kilichotafutwa. Ni sawa na kutafuta nyumba katika cité kwa namba iliyofutwa mulangoni: nyumba iko, lakini unaipita. Kipimo kingine, chenye kutafuta kipande kingine, kiliviona. Wataalamu walisoma uzi wote wa virusi wakakuta aina mupya; inaitwa Ib.

Basi muganga akiomba kupima mara ya pili, usikasirike. Ana sababu.

UNAPASHWA KUFANYA NINI?

1. Ukiona homa na vipele, usishuke kazini. Uende dispanseri siku ile ile.

2. Ukingojea jibu, finika vidonda. Ulale peke yako. Usigawanye na mutu nguo, blanketi wala kitambaa cha kujipanguza.

3. Kama mpox inapatikana, ukae mbali na wengine mpaka maganda yote yaanguke na ngozi mupya iote.

4. Umwambie infirmye watu wote uliogusana nao, hata wale unaoona haya kutaja. Haulizi kwa kukuhukumu. Anataka wapimwe mbele hawajaambukiza wengine.

Mutumishi mumoja anaficha kidonda kwa kuogopa kupoteza siku za kazi. Anajificha kwa kapita, lakini hawezi kujificha kwa watoto wake: jioni wanamukimbilia, wanamukumbatia. Kijiti kimoja chenye pamba kingewalinda.